Bei ya Mfuko na Bei ya Kilo

Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa kwenye sikukuu ya wakulima ya Nanenane, Mbeya, mwaka 2022 ilishusha bei ya DAP kutoka shilingi 131,676 kwa mfuko wa kilo 50 hadi 70,000. Urea iliyokuwa 124,734 nayo ikawa 70,000. CAN ikatua 60,000, SA 50,000. Sababu za bei kupaa kabla ya hapo zinajulikana: gesi ghali Ulaya, China kubana mbolea yake isitoke nje, kisha vita vya Ukraine. Kilichonishughulisha zaidi ni namna bei hizo mpya zilivyojipanga kama ngazi. Mtu mwenye pesa kidogo akisimama mbele ya duka la pembejeo, macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye ngazi ya chini kabisa, naye anaondoka na SA akiamini amebana matumizi.

Tupige hesabu kwa namba zilizochapwa kwenye mfuko wenyewe. Urea ni 46-0-0, yaani asilimia 46 ni naitrojeni, kwa hiyo kilo 50 zina kilo 23 za naitrojeni. Ukigawa 70,000 kwa 23, kila kilo ya naitrojeni imekugharimu kama shilingi 3,040. SA ina asilimia 21, yaani kilo 10 na nusu kwa mfuko, na hapo kilo moja inafika karibu 4,760. CAN ya asilimia 26 inakuja 4,615. Mfuko wa bei ndogo kuliko yote ndio uliouza naitrojeni ghali kuliko yote. SA ina utetezi wake, kwani imebeba pia kilo 12 hivi za salfa, na shamba lenye upungufu wa salfa litaitikia vizuri. Ila nayo huongeza tindikali ya udongo takribani mara tatu ya urea kwa kila kilo ya naitrojeni, na gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti.

DAP inapigiwa hesabu kwa hatua mbili. Ni 18-46-0: kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi, kwa kipimo kile kinachoandikwa mifukoni. Zile kilo 9 ungezipata kwenye urea kwa kama 27,400. Kinachobaki, 42,600, ndicho ulicholipia fosforasi, sawa na shilingi 1,850 kwa kilo. Kukuzia mahindi kwa DAP, tabia ambayo bado ipo, ni kuitupa hiyo 42,600 juu ya ardhi, kwa sababu fosforasi haitembei. Inabaki pale pale ilipoangukia, na mizizi iko chini.

Urea nayo ina tabu yake. Ukiirusha juu ya udongo wenye unyevu na jua likawaka, sehemu yake hugeuka amonia ikapotea hewani. Tuseme imepotea theluthi moja, jambo linalowezekana kabisa kwenye joto bila mvua ya kuizamisha. Mfuko umebaki na kilo 15 na kidogo, na bei ya kilo imepanda hadi 4,565, karibu sawa na CAN. Aliyefukia urea yake sentimita tano chini ya udongo ameokoa kilo saba na ushee, zenye thamani ya shilingi 23,000 kwa mfuko. Basi swali la kufukia au kutofukia linajibika kwa namba moja tu: kibarua wa kufukia mfuko mmoja anadai kiasi gani kwenu? Kama ni chini ya hapo, mlipe.

Kwenye kupandia, kipimo cha mkulima wengi wanakijua: kifuniko cha chupa ya soda. Kikijaa bila kufurika, kinachukua kama gramu tano za DAP. Watu hukosea kwa kusahau nafasi za mashimo. Anayepanda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, ana mashimo kama 18,000 kwenye ekari. Akitia kifuniko kizima kila shimo, ekari imemeza kilo 90, karibu mifuko miwili. Anayepanda 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ana mashimo kama 9,000, na kifuniko kizima kinampeleka kilo 45. Mimea ni ile ile, kifuniko ni kile kile, na tofauti ni zaidi ya shilingi 60,000 kwa ekari hata kwa bei ya ruzuku. Ukimsikia mtu analalamika kwamba mfuko uliishia katikati ya shamba, muulize kwanza kamba yake ya kupandia ina mafundo ya umbali gani. Mara nyingi mwenye duka hana hatia.

Mpaka hapa tumeongelea kununua na kutia tu. Hesabu nzito zaidi ni ya kinachorudi. Tuchukue mahindi yanauzwa shilingi 500 kwa kilo. Kilo ya naitrojeni iliyonunuliwa kwa 3,040 inajilipa ikiongeza kilo sita za mahindi. Lakini hakuna mkulima wa mvua anayepaswa kuridhika na kujilipa tu, maana mvua ikigoma mwaka mmoja anakula hasara yote. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mbolea irudishe angalau mara mbili ya bei yake. Hiyo ni kilo 12 za mahindi kwa kilo ya naitrojeni. Kwa bei ya kabla ya ruzuku ingekuwa kilo 22 hivi. Ndicho ruzuku ilichokifanya hasa: iliteremsha kizingiti kutoka 22 hadi 12, na mashamba mengi yaliyokuwa nje yakaingia ndani.

Si yote, hata hivyo. Shamba lenye afya, lililopandwa mapema na kupaliliwa kwa wakati, linaweza kurudisha kilo 20 na zaidi. Shamba lililochoka linaweza kurudisha nane. Mwenye shamba hilo la kilo nane hakufika kwenye kizingiti hata baada ya serikali kumlipia karibu nusu ya bei. Kumwongezea mfuko wa pili ni kumwongezea shida, na ushauri wa kutia mbolea zaidi, unaotolewa kwa urahisi sana, kwake ni ushauri mbaya.

Udongo unachoka kwa namna mbalimbali, lakini kwenye Nyanda za Juu Kusini, Njombe hasa, cha kwanza kupimwa ni tindikali. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na sehemu kubwa ya fosforasi uliyoinunua kwa 1,850 hukamatwa na udongo kabla mmea haujaionja. Chokaa ya kilimo ndiyo dawa, na kinachowakatisha watu tamaa ni uzito wake: huhesabiwa kwa tani, si kwa mifuko miwili mitatu, na nauli inaweza kuzidi bei ya chokaa yenyewe. Kosa la hesabu linalofanyika hapa ni kuibebesha gharama yote msimu mmoja, wakati chokaa hufanya kazi misimu kadhaa. Igawe kwa misimu hiyo ndipo uilinganishe na mbolea. Njia ya kati ni fosfati ya Minjingu, kule Manyara, iliyotokana na mifupa na vinyesi vya ndege walao samaki kwenye ziwa la kale. Ina kalsiamu, na inayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, hapo hapo DAP inapobanwa. Kwenye udongo usio na tindikali inazembea, kwa hiyo jirani wa bonde la pili anaweza kukuapia kwamba haifai na akawa anasema kweli.

Samadi inastahili kupimwa kwa ukali ule ule. Tani moja ya samadi kavu yenye naitrojeni asilimia moja ina kilo 10, sawa na urea ya shilingi 30,000, na si zote zitakazofika kwenye mmea msimu wa kwanza. Mkokoteni ukidai zaidi ya hapo kwa tani, kwa naitrojeni peke yake umepigwa. Ila samadi imebeba potasiamu, ambayo DAP na urea hazina hata chembe, na inarudisha mboji. Jaribio la muda mrefu la Kabete, karibu na Nairobi, lililoanza mwaka 1976, limeonyesha hili kwa mahindi na maharage yanayolimwa mwaka hadi mwaka: palipotiwa mbolea ya dukani pamoja na samadi na mabua pamezaa vizuri zaidi ya palipotiwa mbolea peke yake. Na hata huko mboji ya udongo iliendelea kupungua, polepole zaidi tu. Anayeuza mabua yake yote kwa wenye ng'ombe anauza potasiamu, na sijaona anayeiweka kwenye bei.

Kwa udongo uliochoka, Babati wamekuwa na jibu lao la siku nyingi, mbaazi katikati ya mahindi. Mbaazi hukua taratibu mwanzoni, haigombanii mwanga, kisha mahindi yakivunwa hubaki shambani ikidondosha majani yenye naitrojeni iliyoitoa hewani. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa, iliweka kikomo cha kuagiza mbaazi na bei ikaporomoka. Aliyepanda mbaazi tupu hakuwa na pa kushika. Aliyechanganya alikuwa na mahindi ghalani, kuni za mabua ya mbaazi na majani yaliyokwishaoza shambani, na kwa naitrojeni ya majani hayo bei ya India haikumhusu.