Kawaida ya Nani?

Ndani ya sanduku langu la karatasi kuna makala ya kurasa tatu ambayo kila nikiisoma napata hasira kidogo. Inaeleza namna ya kuunda ndege ndogo ya mfano inayorushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Niliipata katika fungu la majarida chakavu ya Kiingereza yaliyotandazwa chini kando ya barabara mjini, nikalinunua fungu zima kwa ajili ya picha. Jina la jarida silitaji, kwa kuwa kosa lenyewe ni la aina nzima ya uandishi.

Majarida ya namna hii yana umri mkubwa. Model Airplane News la Marekani lilianza 1929, na Aeromodeller la Uingereza likafuata 1935. Kwa miaka mingi kazi yao kubwa ilikuwa kumpa msomaji mchoro na maelezo, naye akate, agundishe na arushe. Tangu miaka ya 1990 ndege zinazouzwa zikiwa karibu zimekamilika zilienea sana, na makala nyingi zikawa za kueleza kilichomo ndani ya boksi. Jarida linaloishi kwa matangazo hupata taabu kumwambia msomaji kwamba bidhaa ya mtangazaji haifai. Lakini makala yangu ilikuwa ya zamani, ya kazi ya mkono, na kwa hiyo niliiamini.

Mpwa wangu alikuwa darasa la saba wakati huo. Jioni moja tuliketi uani kwangu Mabibo, mimi nikitafsiri, yeye akikata. Makala ilitaka balsa, mti mwepesi sana ambao kwa wingi hutoka Ecuador. Sisi hatukuwa nayo. Tulichukua vitu ambavyo watoto wa mtaani hutengenezea vishada: chelewa za ufagio kwa mabawa na mkia, ufito wa mwanzi kwa kiwiliwili, karatasi laini, na gundi ya uji wa ngano. Mpira tulikata wa ndani wa baiskeli, kama wa manati.

Makala iliagiza mpira upakwe mafuta maalumu yanayopatikana kwa muuzaji wako. Muuzaji huyo hatukuwa naye, tukaruka hatua hiyo, na mpira ukakatika mara mbili. Baadaye sana nikajua kwamba glisirini inatosha kwa kazi hiyo, nayo imejaa katika maduka ya mtaani kwetu kama mafuta ya kujipaka. Hata mafuta ya nyonyo yanafaa. Nikajua pia kwamba mpira wa baiskeli haurudishi nguvu vizuri kama mpira wa asili. Mwandishi angetaja tu mafuta hayo ni kitu gani, angemwokoa msomaji aliye mbali na duka lake. Alimwandikia jirani yake, akadhani ameuandikia ulimwengu.

Tulipoipeleka uwanjani, ndege iliinua pua, ikasita hewani, ikaporomoka. Mara ya tatu bawa likavunjika. Nilifungua ukurasa wa mwisho kutafuta dawa. Mwandishi anasema, kwa ufupi, kwamba ikiwa ndege haitulii irekebishwe kwa namna ya kawaida. Kisha inafuata picha yake akitabasamu na ndege yake mkononi. Kawaida ya nani? Mtu anayeijua kawaida hiyo haihitaji makala.

Mpwa wangu aliokota vipande, akaniambia, "Mjomba, mimi sina mkono wa kazi." Hakuigusa tena kwa miezi kadhaa.

Hapo ndipo penye hasara. Hadithi mbaya humchosha msomaji, naye huilaumu hadithi. Maelezo mabaya ya kazi humfanya msomaji ajilaumu mwenyewe. Anaona picha ya ndege inayoruka, anatazama yake iliyovunjika, anahitimisha kwamba kasoro iko kwenye vidole vyake. Na mtoto huyu anaishi Mabibo, mahali kilipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa 1975, ambacho siku hizi hufundisha ufundi wa ndege. Mtoto aliyeamini kwamba hana mkono hawezi kubisha hodi katika lango kama lile.

Kosa letu lilikuwa dogo. Chelewa ni nzito kuliko balsa, na tulizitumia mkiani pia. Mkia uko mbali na mahali ndege inapokaa kwenye mizani, kwa hiyo gramu moja ya huko huweza kudai gramu tatu puani. Kwa ndege nyepesi ya namna ile, mahali pazuri pa kuanzia ni theluthi moja ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Tulipoishika hapo kwa ncha za vidole, mkia ulianguka. Tulibandika donge la udongo puani, nayo ikateleza hewani hadi karibu na goli.

Siri hii ni ya zamani. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mbele ya watu katika bustani ya Tuileries, Paris, ndege ndogo ya mpira iliyokwenda kama mita 40 kwa sekunde 11, ikitulizwa na mkia wake. Mwaka 1878 mzee Wright wa Marekani aliwapelekea wanawe chombo kingine cha kuchezea kilichotokana na kazi ya Pénaud huyo huyo. Wana hao ni Wilbur na Orville, walioruka na ndege yenye injini mwaka 1903. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba makala za vitu vya kuchezea ni mchezo.

Mimi nataka makala ya kazi itaje kitu kwa jina linalojulikana dukani, iseme sababu ya kila hatua ili asiye na balsa ajue la kufanya, na mwandishi akiri alivunja ngapi kabla ya ile ya kwenye picha.

Nilijaribu kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo kwa ajili ya mpwa wangu, nikiorodhesha na makosa yetu yote. Aliusoma akiwa na kalamu mkononi. Mahali nilipoandika kwamba ndege irushwe kwa uangalifu, akapigia mstari.

"Mjomba, uangalifu gani?"

Nikafuta. Nikaandika: ishike chini ya bawa, pua iinamie chini kidogo, isukume taratibu mbele dhidi ya upepo, usiitupe juu.