Dreyfus Hakupiga Kelele

Wapo wanaolalamika eti Miaka Mitano ya Maisha Yangu, kitabu alichokitoa Alfred Dreyfus mwaka 1901, ni kikavu kama ripoti ya jeshi. Kweli, ni kikavu. Lakini jamani, kapteni huyu wa Ufaransa aliyesingiziwa ujasusi angepiga kelele za nini? Kelele zilikuwa kazi ya La Libre Parole, gazeti lililomwita msaliti Novemba 1894, hata kesi haijaanza. Yeye anajibu kwa tarehe, kwa barua alizomwandikia mkewe Lucie, kwa joto na wadudu wa Kisiwa cha Shetani.

Uzito wa kitabu uko Septemba 1896. Gazeti la Uingereza lazusha kwamba ametoroka. Basi anatiwa pingu za miguu kitandani, usiku baada ya usiku, na sababu ya kweli haambiwi. Shajara yake inakatika hapohapo. Tusi gani kwa magazeti lingeuma kuliko ukimya ule?

Ila namdai kitu. Drumont, mwenye La Libre Parole, alimwandama waziwazi kwa Uyahudi wake. Dreyfus anajitetea kama afisa tu. Uyahudi karibu hauonekani. Mwandishi Bernard Lazare alikuwa ameshalisema hilo bila kumung'unya tangu 1897.