Under Currents: Taharuki Iliyokatika Njiani

Nora Roberts ni fundi. Mwandishi huyu wa Marekani ana riwaya zaidi ya 200, na mtu hafiki huko kwa kubahatisha. Ndiyo maana Under Currents, riwaya yake ya mapenzi na taharuki iliyotoka mwaka 2019, imeniuma kuliko ambavyo ingeniuma kazi ya mwandishi anayeanza. Sehemu ya kwanza imesukwa barabara. Baada ya hapo taharuki inakatika, na ukifuata msuko kwa makini unaona ilipokatikia.

Tuanze na kilichofanywa vizuri. Tuko Lakeview, mji wa ziwani katika jimbo la North Carolina, Desemba 1998. Zane Bigelow ni kijana anayependa besiboli. Baba yake, Graham, ni daktari wa upasuaji anayeheshimika. Mama yake, Eliza, ni mwanamke nadhifu wa nyumba nzuri. Ndani ya nyumba hiyo Graham anampiga mkewe, na siku Zane anapoingilia kumtetea mama, kipigo kinamgeukia yeye.

Angalia Roberts anavyofunga milango mmoja mmoja. Kwenda kushtaki? Neno la daktari lina uzito kuliko la mtoto. Kutibiwa? Anayejua majeraha ndiye aliyeyasababisha. Kumlilia mama? Mama anashikilia uongo uleule wa baba. Msomaji anajua yote, mji haujui lolote, na pengo hilo ndilo taharuki yenyewe. Kisha yanakuja madaftari. Zane anaandika yanayomtokea na kuyaficha chumbani. Ni madaftari ya kawaida tu, kama yale tuliyobeba shuleni, lakini kuanzia hapo kila Graham anapopita karibu na mlango ule nilikuwa nayawaza. Uhai wa Zane na mdogo wake, Britt, umewekwa juu ya kitu ambacho kila msomaji amewahi kukishika mkononi. Huo ndio ufundi.

Halafu siri inafichuka, wazazi wanafungwa, watoto wanalelewa na mama yao mdogo, Emily, na miaka mingi inarukwa. Zane tunamkuta mtu mzima, mwanasheria aliyekuwa mwendesha mashtaka Raleigh, anarejea nyumbani. Anakutana na Darby McCray, mtengeneza bustani mwenye biashara yake, naye aliwahi kunusurika kwa mume mpigaji.

Kuruka miaka si kosa. Kosa ni kilichoachwa ndani ya miaka hiyo. Mtoto aliyezoea kusikiliza nyayo za baba analalaje usiku wa kwanza nyumbani kwa mama mdogo? Siku anapomkasirikia mtu anayempenda, anauangaliaje mkono wake mwenyewe? Mambo haya yalistahili sura nzima nzima, maana riwaya inasema inahusu kunusurika. Badala yake tunaletewa mtu aliyekwisha kupona, mcheshi, mwenye kazi nzuri. Kupona kwenyewe kumefanyika nyuma ya pazia.

Linaloniumiza zaidi ni Eliza. Kwangu yeye ndiye mhusika mzito kuliko wote: mwanamke anayepigwa, na papo hapo anasimama na mpigaji dhidi ya watoto aliowazaa. Anapata nini kwa kukaa pale? Anaogopa, anapenda, au vyote viwili vimeshikana hadi yeye mwenyewe hawezi kuvitenganisha? Roberts analifungua swali hili kwa ujasiri, kisha analiacha. Tunabaki na mwanamke mbaya aliyeolewa na mwanamume mbaya, na ubaya usio na mizizi hautishi. Hata Traci, jirani anayepigwa na mumewe Clint Draper, angeweza kuwa kioo cha kumrudia Eliza na kumwelewa. Anatumika kuongeza tukio tu.

Matukio yenyewe ni mengi kupita kiasi. Yupo baba, yupo mume wa zamani wa Darby, yupo Draper. Kila tishio linakuja, linashughulikiwa, linatoa nafasi kwa jingine. Hofu ya sehemu ya kwanza ilitokana na mtu mmoja, nyumba moja, ngazi zilezile. Ukiigawa kwa watu watatu, kila mmoja anapata theluthi. Katikati ya matishio hayo zimejazwa kurasa za mawe, udongo na miche ya bustani za Darby. Zinapendeza, lakini zinampumzisha msomaji pale ambapo alipaswa kubanwa.

Wasomaji wa Kiswahili tunajua kwamba inawezekana kufanya vingine. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, ukali wa Zakaria, baba yake Rosa, hauishii sura za mwanzo. Unamfuata Rosa kutoka Ukerewe hadi mwisho wa maisha yake, hata pale ambapo baba mwenyewe hayupo. Mkono wa baba umeingia katika kila uamuzi wa binti. Huo ndio mkondo wa chini ambao jina la kitabu cha Roberts liliahidi.

Under Currents isomwe, hasa na anayejifunza kusuka taharuki. Mimi sehemu ya kwanza nimeirudia mara mbili, na kila mara nimefunga kitabu Zane alipotoka katika nyumba ile.