Ngazi ya Furaha au Ngazi ya Hali?

Ndugu msomaji, huenda umepata kusoma katika magazeti kwamba nchi fulani ndiyo yenye furaha kuliko zote, na fulani iko mkiani. Habari hizo hutoka katika Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Kuanzia 2018 mpaka 2025 Finland ilishika nafasi ya kwanza kila mwaka. Tanzania, katika ripoti ya 2018, iliwekwa ya 153 kati ya nchi 156, kwa wastani wa 3.3. Asiyechungua atasema: Watanzania hawana furaha! Lakini yafaa tutazame kwanza waliulizwa nini.

Swali lenyewe ni la Hadley Cantril, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia sifuri mpaka kumi. Juu kabisa ni maisha bora kabisa awezayo kuyapata, na chini kabisa ni maisha mabaya kabisa. Kisha huulizwa: wewe umesimama wapi? Shirika la Gallup huuliza watu wapatao 1,000 katika kila nchi, na wastani wa miaka mitatu ndio unaozipanga nchi.

Tazama vizuri, msomaji. Katika swali hilo neno furaha halimo! Limewekwa kwenye jalada. Na sote twajua kupanda na kushuka ngazi hutukumbusha nini: cheo na mali. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2024 ulionyesha hivyo hivyo: ngazi huwavuta watu wafikirie utajiri na madaraka, na ikiondolewa, fikira hizo hupungua.

Hata mpango wa maswali hugeuza majibu. Mwaka 2012 Angus Deaton alionyesha kwamba Wamarekani walioulizwa kwanza mambo ya siasa walijiweka chini kuliko wasioulizwa. Mizani inayopanda na kushuka kwa maneno ya muuzaji, nani ataikubali sokoni?

Mwulize mama auzaye maandazi: "Hujambo?" Atakujibu, "Sijambo," kisha ndipo akueleze kwamba mtoto ana homa na unga umepanda bei. Mwulize ngazi, huenda akasema yuko kipandio cha tatu. Je, amesema uongo mahali pamoja? Hasha! Salamu imeuliza uzima wake, ngazi imeuliza hali yake, naye amejibu yote mawili kwa haki.

Wala hatusemi kwamba watu wasiulizwe. Kuulizwa ni heshima, na ni bora kuliko kupimwa kwa pato la taifa peke yake. Kosa ni kumuuliza mtu jambo moja, kisha ukalitangaza kwa jina jingine. Asemaye yuko kipandio cha tatu huenda anashuhudia kwamba dawa ni ghali na maji yako mbali. Hilo ni dai, na dai lina wa kulijibu. Ukiligeuza kuwa "hana furaha," umempokonya dai lake, ukamwachia moyo wake autibu mwenyewe.

Basi, msomaji, ukiiona tena orodha hiyo, soma swali kabla ya kusoma nafasi. Ukimwita mtu atoe ushahidi, ni wajibu wako kuyafikisha maneno yake kama alivyoyasema.