Hadithi ya Mkimbiaji wa Mwisho

Katika shule zetu, za pwani na za bara, ipo hadithi moja ya mbio isiyozeeka. Husimuliwa siku ya michezo, husimuliwa darasani mitihani ikaribiapo, na mwanafunzi aliyevunjika moyo akitaka kuacha masomo huitwa pembeni akasimuliwa hiyo hiyo. Mimi niliisikia mara ya kwanza katika chuo cha ualimu, kinywani mwa mkufunzi aliyejua kusimulia. Nikaichukua kama mtu achukuavyo jembe zuri, nikaja nayo hapa Msambweni, nikalima nayo miaka kumi. Leo nataka kuihakiki. Hadithi ni kazi ya sanaa hata kama matukio yake ni ya kweli, na msimuliaji huwajibika kwa ayaachayo kama awajibikavyo kwa ayasemayo.

Yasimuliwa hivi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, zilifanyika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyemaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikatolewa, jua likatua, watazamaji wengi wakaenda zao. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akaingia uwanjani mtu mmoja peke yake, mguu umefungwa bandeji, akichechemea: John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu. Akauzunguka uwanja, akauvuka mstari, na wale wachache waliosalia wakampigia makofi kana kwamba ndiye mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, hutajwa kuwa alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Kwa umbo lake hadithi hii haina upungufu. Ina giza na ina mwanga, ina umati ulioondoka na wachache waliobaki, ina mtu asiyesema mpaka mwisho, na asemapo husema neno moja tu. Mshairi angetamani kuitunga. Wala sina nia ya kumpunguzia Akhwari hata chembe ya heshima yake. Yeye aliikimbia njia ile. Sisi twaisimulia tu, na kosa ninalolitafuta limo katika kusimulia kwetu.

Kosa la kwanza ni kwamba twaanzia mwishoni. Mtu huyu twamkuta amekwisha kuumia, mithili ya mtu aliyezaliwa na bandeji. Ni wanafunzi wangapi waliowahi kuambiwa jinsi alivyoumia? Jiji la Mexico liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi. Mtu akimbiaye kilomita 42 katika hewa ya namna hiyo hupungukiwa na pumzi mapema, na miguu humlemea kabla ya wakati wake. Akhwari alibanwa na misuli njiani. Kisha, wakimbiaji walipokuwa wakisukumana kugombea nafasi, akaanguka, goti likateguka, na bega likagonga barabara. Basi hapo pana mambo matatu ya kufundisha: mwinuko wa nchi, msongamano wa watu, na ugumu wa barabara ya mjini usiomsamehe aangukaye. Yote matatu twayatupa, twabaki na bandeji.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Siku hiyo waliondoka mstarini wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Maana yake ni kwamba watu kumi na wanane waliacha njiani, nasi katika hadithi yetu hatuwataji kabisa, au twawataja kwa kejeli kama mfano wa wasio na moyo. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Bikila ndiye aliyeshinda marathoni mjini Roma mwaka 1960, akikimbia miguu mitupu juu ya mawe ya jiji lile la kale. Ndiye aliyeshinda tena Tokyo mwaka 1964, safari hii akiwa na viatu, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kutolewa kidole tumbo. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Huyu si mtu wa kuambiwa hajui kuvumilia. Lakini Mexico alifika na mguu wenye jeraha, na baada ya kilomita 17 hivi akasimama, akatoka njiani. Mwenzake wa nchi moja, Wolde, akaendelea mpaka akashinda.

Katika barabara moja, basi, mchana mmoja, walikuwapo mashujaa wawili wa Afrika Mashariki, wote wawili wameumia. Mmoja akaamua kuendelea, mwingine akaamua kuacha. Laiti msimuliaji angewaweka wote wawili mbele ya watoto, angekuwa na hadithi iwafanyayo wafikiri. Yeye amechagua mmoja, akamficha wa pili. Na kwa kufanya hivyo, uamuzi wa mtu mzima juu ya goti lake mwenyewe ameugeuza kuwa amri juu ya magoti ya watu wengine.

Nasema haya kwa sababu nimeitoa amri hiyo kwa kinywa changu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mvulana wa kidato cha tatu aliyekimbia vizuri kuliko wote niliopata kuwafundisha. Tulimwandikisha katika mbio za kilomita kumi mjini Mombasa. Muda ulikuwa mfupi, nami nilikuwa na haraka: ndani ya wiki tatu nikaupandisha mwendo wake kutoka kilomita kumi na tano kwa wiki hadi thelathini na tano, nyingi zikiwa ukingoni mwa lami iendayo Lunga Lunga. Siku kumi kabla ya mbio akaja mlangoni kwangu jioni. "Shikamoo, mwalimu. Samahani, muundi waniuma. Waniuma mahali pamoja tu, hapa, hata nikilala." Akaweka kidole. Nami, badala ya kukitazama kidole kile, nikamsimulia habari za Akhwari.

Tulivuka kivuko cha Likoni alfajiri, yeye amenyamaza. Alimaliza mbio. Mwendo wa mwisho aliukimbia kwa mguu mmoja na nusu, umati ukimshangilia, nami nikishangilia kuliko umati. Wakati wa kurudi hakuweza kusimama ndani ya feri. Tulimketisha juu ya gunia la mkaa la mtu. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ufa mdogo wa mfupa, ambao kwa kupumzishwa ungejiunga wenyewe, ulikuwa umekwisha kuwa mvunjiko. Alitembea kwa magongo muhula mzima.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Bibi yake alinikaribisha vizuri, akaniwekea mkeka chini ya mkorosho, akanisikiliza nikijieleza, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza kueleza, nikamweleza na habari za Mexico pia. Aliposikia yote akauliza, "Mwanangu, huyo mtu umsemaye, mamake alikuwapo akimtazama?" Sikuwa na la kujibu.

Swali lile limenifikirisha juu ya umati. Mtu akimbiaye katika vijia vya mashamba yetu, kati ya minazi na mikorosho, akiumwa na mguu huketi, huutazama, hurudi nyumbani polepole, na hapana amwonaye. Mjini sivyo. Kuna kamba pande mbili za njia, kuna vipaza sauti, kuna nambari kifuani na watu wasiomjua wamwambiao "usiache." Jiji kubwa humpa mkimbiaji nguvu asizokuwa nazo, hilo ni kweli, na ndiyo raha ya mbio za mjini. Lakini nguvu hizo hukopeshwa, na mkopeshaji huenda zake wakati wa kulipa ufikapo. Mfupa hausikii makofi.

Mfupa una kazi yake. Kila mguu utuapo ardhini, mfupa hupokea uzito unaozidi uzito wa mwili mara mbili au tatu. Hilo haliudhuru, kinyume chake, huufanya uwe imara, kwa maana mwili huvunja chembe zilizochoka na kujenga mpya. Ila ujenzi huo huenda polepole kuliko tamaa ya mwalimu. Mwendo ukiongezwa ghafula, uvunjaji huutangulia ujenzi, na ufa hutokea. Maumivu yaliyoenea muundi mzima, yanayopungua mwili ukipata joto, mara nyingi ni ya misuli na utando wa mfupa. Yataka kupunguza mwendo. Maumivu ya mahali pamoja, yanayozidi kadiri mtu akimbiavyo na kubaki hata apumzikapo, ni ya kusimama siku hiyo hiyo na kwenda kwa daktari. Mvulana wangu alinieleza ya pili kwa ufasaha ambao tabibu angeufurahia.

Na namna ya kukimbia je? Wengi hudhani kwamba hatua ndefu ndiyo mbio. Mguu ukirushwa mbele mno, goti limenyooka, kisigino huipiga ardhi mfano wa mtwangio, na mshindo wote hupanda mfupani. Hatua fupi zaidi na za upesi zaidi, mguu ukitua karibu na chini ya kiwiliwili, goti limekunjwa kidogo, hupunguza mshindo huo. Viatu vizuri husaidia, lakini hapana kiatu kiwezacho kumkinga mtu na haraka. Sisi wa hapa tuna ufuo, nao watu husema ni laini kwa miguu. Lakini mchanga wa juu huyumbisha kifundo, na mteremko wa kuelekea majini huufanya mguu mmoja ukimbie chini ya mwenzake. Nyakati za bamvua, maji yakitoka mbali, hubaki uwanda wa mchanga mgumu, sawa kama sakafu, na hapo ndipo mahali bora pa kujizoeza, asubuhi kabla ya jua. Anayetaka kukimbia lami ya mjini hana budi kuizoea vile vile, kidogo kidogo. Haya hayapendezi kusimuliwa kama bandeji na giza la uwanja; hayana machozi ndani yake.

Nimepata kuambiwa na mwenzangu mmoja kwamba nikiwafundisha vijana kuacha, wataacha yote. Hoja hiyo siidharau. Wapo waachao kwa uvivu, nami nawajua kwa majina. Lakini tazama yaliyotokea Paris tarehe 10 Agosti 2024. Eliud Kipchoge wetu, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021 kama Bikila alivyoshinda mara mbili, alishikwa na maumivu ya mgongo, na baada ya kilomita 30 akaacha kukimbia, akatembea, akawagawia watazamaji viatu vyake. Nani athubutuye kumwita mvivu? Na mshindi wa siku hiyo, Tamirat Tola wa Ethiopia, hakuwa amechaguliwa hapo awali. Alikuwa wa akiba. Aliingia kwa sababu mwenzake, Sisay Lemma, aliumia wiki chache kabla ya mbio akakubali kujitoa. Tola akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 26, muda ambao haujapata kuonekana katika Olimpiki kabla ya siku ile. Nadhani Lemma astahili hadithi yake. Itakuwa ngumu kuisimulia, kwa kuwa shujaa wake hayumo uwanjani.

Muhula huu nimeisimulia tena habari ya Mexico, safari hii nikaanzia mahali pa kuanzia. Niliwaeleza hewa nyepesi na kusukumana, nikamweka Bikila kando ya njia na Akhwari njiani, nikanyamaza. Darasa likagawanyika, wakabishana mpaka kengele. Kabla hawajatoka, msichana mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza kama yule Akhwari alipona.

Katika miaka yote kumi hapakuwa na mwanafunzi aliyepata kuniuliza hilo, kwa sababu hadithi yangu ilimwacha daima uwanjani, usiku, akichechemea. Nikamwambia kwamba alipona. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akakimbia marathoni, akawa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5: upesi kuliko mshindi wa Mexico kwa zaidi ya dakika tano. Mvulana aliyeketi karibu na dirisha, ambaye kaka yake ndiye yule wa magongo, aliniomba niziandike nambari hizo ubaoni.