Kisu cha Kukunja Mbele ya Ndimu na Chumvi

Embe bichi la kando ya barabara Kibaha hukatwa vipande vyembamba, likapakwa chumvi na pilipili, na wapo wanaolikamulia ndimu juu yake. Kwa mlaji ni kiburudisho. Kwa kisu ni mtihani ambao visu vingi vya bei kubwa havikuundwa kwa kuufikiria. Asidi ya ndimu hula chuma. Chumvi hutoboa lile gamba jembamba la oksidi ya kromiamu linaloikinga stenlesi na kutu. Kisha kisu hukunjwa kikiwa na utomvu, hutiwa mfukoni, na unyevu wa Pwani humalizia kazi kwenye bawaba, mahali jicho lisipofika.

Kwa mkazi wa Pangani, ile ya Kibaha na si ile ya Tanga, au jirani yake wa Kisarawe, uchambuzi wa kisu cha mfukoni unapaswa kuanzia hapo. Matangazo ya visu hutanguliza mpini wa titaniamu, rangi na jina la mbunifu. Mtu anayemenya machungwa, anayekata mpira wa kumwagilia bustani, anayebebesha miche ya miembe na kufungua magunia kwa kisu kilekile ana maswali mengine: ni chuma gani, kimepikwa vipi, kinajifungaje, na kikiwa butu kitanolewa na nini?

Chuma chenyewe kina historia ndefu katika ardhi hii. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Felix Chami alichimba eneo la Limbo, lililokuwa katika Wilaya ya Kisarawe, na kukuta mabaki ya kazi ya chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Kisu cha kukunja nacho si mgeni wa jana. Okapi, chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa alama za nyota na mwezi, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, wakati Kisarawe na Kibaha zikiwa chini ya utawala huohuo. Miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Kisu hiki hujifunga kwa meno: ukikifungua kinalia, jino kwa jino, na ukitaka kukikunja unavuta pete iliyo mgongoni. Chuma chake ni cha kaboni, hakina kinga dhidi ya kutu, lakini hunoleka hata kwa jiwe la mtoni. Ni cha bei nafuu, na ndiyo sababu kinafaa kuwa kipimo. Kisu cha milioni moja kikishindwa kumpita Okapi kazini, fedha zimetupwa.

Kifungio kwanza, kwa kuwa kisu kinachojikunja katikati ya kazi hukata vidole vya mwenyewe. Mwaka 1964 kampuni ya Buck ya Marekani ilitoa modeli 110, yenye kifungio cha mgongoni: kipande cha chuma kinachosukumwa na springi huingia kwenye pengo la shina la kisu na kukibana. Ni imara mno, lakini kina uzito wa gramu 200 hivi. Katika mfuko wa kanzu au wa suruali nyepesi, uzito huo huvuta nguo upande. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtengeneza visu Michael Walker aliupunguza uzito kwa kutumia bamba jembamba lililo ndani ya mpini, ambalo huchepuka na kukaa nyuma ya kisu kikishafunguka.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa fundi aliyekulia Afrika Kusini. Chris Reeve, aliyehamia Marekani mwaka 1989, alijiuliza kwa nini bamba hilo liwe kipande cha ziada. Alichanja ufa mrefu kwenye mpini wenyewe wa titaniamu, hivyo sehemu ya mpini ikawa ndiyo springi na ndiyo kifungio. Kisu kikifunguka, ulimi huo wa titaniamu huingia nyuma ya shina lake. Mkono unapobana mpini kwa nguvu, unaubana pia ulimi, na kifungio huzidi kukaza kadiri kazi inavyokuwa nzito. Kisu alikiita Sebenza, yaani kazi kwa Kizulu, na leo modeli hiyo huuzwa kwa bei inayozidi shilingi milioni moja.

Ufundi huo una udhaifu wake. Titaniamu ni laini kuliko chuma kilichokazwa, hivyo ncha ya ulimi husuguliwa na shina la kisu kila kinapofunguliwa, na baada ya miaka inaweza kuanza kunata au kulegea. Katika toleo la Sebenza 31 la mwaka 2020, tatizo hilo lilitatuliwa kwa gololi ndogo ya kauri iliyopachikwa kwenye ulimi, ambayo ndiyo inayogusana na chuma. Anayenunua kisu cha aina hii kwa chapa yoyote aangalie sehemu hiyo kabla ya kuangalia kitu kingine. Akifungue, akishike mpini, autikise ubapa juu na chini. Ukicheza hata kidogo, akirudishe. Kisha akikunje na atazame kutoka juu: ubapa ulale katikati ya mpini bila kugusa upande wowote. Nakala bandia za chapa kubwa ni nyingi duniani, na wengi wa wanaoziiga hushindwa hapo.

Kampuni ya Benchmade ilipita njia nyingine mwaka 1998 kwa kutumia kijiti cha chuma kinachokatiza mpini na kusukumwa na springi mbili nyembamba. Unaweza kukitumia kwa mkono wowote, na modeli yao ya Bugout ya mwaka 2017 ina gramu 52 tu, robo ya uzito wa ile Buck. Kwa kubeba kila siku ni raha. Ila springi zimejificha ndani, na mahali penye vumbi jekundu la Kisarawe na utomvu wa maembe, kifungio kilicho wazi kama cha Sebenza huwa na nafuu kubwa: kinaoshwa kwa maji na mswaki, na kisu chote hufunguliwa kwa spana ndogo ya pembe sita.

Kwenye chuma ndiko fedha nyingi hupotea. Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza stenlesi yake maarufu mwaka 1913, na tangu hapo watu wamezoea kudhani kuwa kromiamu ikizidi, kutu hupungua. Hesabu hiyo haitoshi. Kromiamu inayokinga ni ile iliyoyeyuka ndani ya chuma. Ikiungana na kaboni, hugeuka chembe ngumu zinazosaidia makali kudumu, lakini haisaidii tena kuzuia kutu. Chukua CPM S30V, chuma kilichotolewa na kampuni ya Crucible mwaka 2001 kwa ushauri wa Chris Reeve huyohuyo. Kina kaboni asilimia 1.45, vanadiamu asilimia 4 na kromiamu asilimia 14, lakini sehemu ya kromiamu hiyo imefungwa kwenye chembe. Mwaka 2021 mtaalamu wa metali Larrin Thomas alileta MagnaCut, yenye kromiamu asilimia 10.7 tu. Aliipanga michanganyo yake ili chembe ngumu ziwe za vanadiamu na niobiamu, na kromiamu yote ibaki huru. Matokeo yake, chuma chenye kromiamu pungufu hustahimili maji ya chumvi kuliko kile chenye nyingi. Ni moja ya kazi nzuri kabisa za kiufundi katika historia fupi ya visu vya kisasa.

Jina la chuma pekee halitoshi. Buck hutumia 420HC, chuma cha kawaida chenye kaboni isiyozidi nusu asilimia. Paul Bos, aliyewapikia visu vyao, alikuza utaratibu wa kukipasha zaidi ya nyuzi 1,000, kukipoza ghafla, kukigandisha, kisha kukipasha tena kwa moto mdogo. Kwa njia hiyo kilifika ugumu wa takriban 58 kwa kipimo cha Rockwell C na kuzidi kazi ya chuma kilekile kilichopikwa ovyo. Mtengenezaji asiyetaja ugumu wa kisu chake anamnyima mnunuzi taarifa muhimu kuliko rangi ya mpini.

Sasa kinoo. Chembe za vanadiamu ni ngumu kuliko mawe ya kawaida ya kunolea, hata yale ya oksidi ya alumini yanayouzwa madukani. Mwenye S30V au MagnaCut akiinoa kwa jiwe la mtoni, jiwe litasugua chuma laini kilichozizunguka chembe na kuziacha chembe zenyewe. Atanoa jioni nzima, na kisu kitateleza juu ya ganda la chungwa. Anahitaji bamba la almasi, na gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya kisu. Kubebesha mche hudhihirisha hili haraka: mkato wa kikonyo lazima uwe laini na wa mara moja, kwa kuwa tishu zikichubuka kikonyo hakishiki.

Kipo chuma cha kati ambacho hakisifiwi inavyostahili. LC200N kina kaboni karibu asilimia 0.3 tu, na nafasi iliyobaki imechukuliwa na naitrojeni, pamoja na kromiamu asilimia 15. Spyderco, kampuni ya Colorado iliyoleta mwaka 1981 tundu la kufungulia kisu kwa kidole gumba, imekitumia katika baadhi ya visu vyake vya mfululizo wa Salt, vilivyokusudiwa maji ya bahari. Makali yake hayadumu kama ya MagnaCut. Lakini hunoleka kwa kinoo cha kawaida, na chumvi na ndimu havikiwezi.

Wasiotaka kufika bei hizo wasione wameachwa. Victorinox ya Uswisi hutumia chuma laini kidogo, kama 56 Rockwell C, kinachonoleka kwa dakika chache. Opinel namba 8 ya Ufaransa hupatikana kwa stenlesi na ina pete ya kufungia iliyobuniwa mwaka 1955, ila mpini wake wa mbao huvimba ukilowa, na wakati wa masika ubapa unaweza kugoma kutoka.

Sheria nayo iangaliwe. Kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu ni kosa Tanzania, hivyo kisu kikae mfukoni mpaka kazi ikihitaji. Kwenye ndege kiende kwenye begi linalopakiwa chini. Na ndugu anayeletewa zawadi Uingereza ajue kuwa huko ruhusa ya kubeba bila sababu maalumu ni kwa kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3.

Kwa Pangani na Kisarawe, basi, mwenye kinoo cha kawaida achukue LC200N yenye ubapa wa sentimeta 8 hivi. Aliye tayari kununua na bamba la almasi achukue MagnaCut yenye kifungio cha mpini. S30V, pamoja na sifa zake zote, iwe ya tatu.