Msuko wa riwaya ya Kintu

Jennifer Nansubuga Makumbi alizaliwa Kampala mwaka 1967, akahamia Uingereza mwaka 2001 na kusomea uandishi hadi uzamivu katika Chuo Kikuu cha Lancaster. Riwaya yake ya kwanza, Kintu, ilishinda shindano la miswada la Kwani?, mchapishaji wa Nairobi, mwaka 2013, ikachapishwa mwaka uliofuata. Nguvu yake imo katika msuko.

Kisa kinaanzia Bwaise, Kampala, Januari 2004, ambapo Kamu Kintu anauawa na umati unaomdhania mwizi. Kisha msimulizi anarudi mwaka 1750. Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, yuko safarini kwenda kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Anampiga kofi Kalema, mtoto aliyemlea, na kijana anakufa. Ntwire, baba mzazi, anaulaani ukoo wote.

Sehemu nne zinazofuata zinawachukua wazao wa Kintu wa leo, kila mmoja peke yake: Suubi, Kanani, Isaac Newton na Miisi. Hawa hawajuani. Msomaji ndiye anayeunganisha dalili zinazojirudia: mapacha, vifo vya ghafla, wazimu, kujiua. Kila sehemu inatanguliwa na kipande kifupi kuhusu kifo cha Kamu, hivyo swali la Bwaise halisahauliki. Charles Dickens aliwatawanya wahusika vivyo hivyo katika Bleak House (1852–1853), siri ya nasaba ikiwaunganisha polepole. Makumbi anaongeza umbali wa karne mbili na nusu.

Umbali huo ndio uamuzi mzito kuliko yote. Kwa kuruka kutoka 1750 hadi 2004, mwandishi anaupita utawala wa Waingereza karibu wote. Chanzo cha maumivu ya ukoo kinabaki ndani ya Buganda, na Waganda wanabeba historia yao wenyewe, heri na shari.

Laana yenyewe haithibitishwi. Suubi anaandamwa na pacha wake aliyekufa. Kanani, mlokole, anaona dhambi. Isaac anahofia UKIMWI. Miisi, msomi, anategemea akili. Katika sehemu ya sita ukoo unakutana Buddu kwa matambiko, na hapo maelezo hayo yote yanapambana bila moja kuyafuta mengine.

Wachapishaji wa Uingereza waliikataa riwaya hii mwanzoni kwa kuiona ya Kiafrika mno. Ilitoka Marekani mwaka 2017 na Uingereza mwaka 2018, mwaka ambao Makumbi alipata tuzo ya Windham-Campbell. Riwaya yake ya pili, The First Woman (2020), ilishinda tuzo ya Jhalak mwaka 2021.